Upana wa baraza

Baba yangu hatembei njiani. Tukifika Main Street, mjini Jinja, hupanda barazani mara moja, akaigusa nguzo ya kwanza kwa kiganja kama anayemsalimu mtu, kisha akaenda hivyo hivyo chini ya mapaa, duka baada ya duka, mpaka baraza limkatikie. Magari, boda boda, wauza ndizi na miavuli yao, wote huwaacha kule juani. Nilipokuwa mtoto nilidhani anakwepa jua tu. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba ile ndiyo njia aliyoizoea kwa miaka 36 ya ufundi cherehani, na kwamba anayetaka kuujua mji wa kale wa Jinja hana budi kuupitia pale pale alipoupitia yeye.

Novemba iliyopita, siku ya Jumamosi, nilimwomba tuupite mtaa mzima pamoja.

"Mama," akaniambia. Huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake, ndiyo mila ya kwetu Wasamia, watu wa mpakani mwa Uganda na Kenya. "Mama, utachoka kabla yangu."

Ana miaka sabini na mitano na goti moja linamsumbua. Nikamwambia daftari ninalo, maji ninayo, haraka sina. Tukatoka Walukuba, mtaa wetu wa nyumbani, kwa boda boda mbili, tukashuka mwanzo wa mtaa kabla maduka mengi hayajafunguliwa.

Kwa msomaji asiyeijua Jinja: ni pale mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, mwendo wa kilomita themanini hivi mashariki ya Kampala. Jina lake ni mawe, yale mawe ya maporomoko ya Ripon yaliyozama baada ya bwawa la Owen Falls kujengwa na kufunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954. Watalii huja kuona chanzo cha mto, mahali alipofika John Hanning Speke mwaka 1862, na mahali yalipomwagwa baadhi ya majivu ya Mahatma Gandhi mwaka 1948. Hupanda mashua, hupiga picha, hula samaki, jioni hao wanarudi Kampala. Mji wenyewe, ule mji wa biashara wenye Main Street, Iganga Road, Gabula Road, Lubas Road na vichochoro vinavyoziunganisha, wengi huuona kupitia dirisha la gari. Naona ni hasara kubwa, maana hakuna mahali pengine nchini Uganda ambapo unaweza kutembea muda mrefu hivi katikati ya maduka ya miaka ya 1920 hadi ya 1950 yaliyosimama bado bega kwa bega, yakiuza bado.

Anayekuja kwa mara ya kwanza hutazama juu. Na ana haki ya kutazama juu. Juu ya mapaa kuna vipaji vya nyuso vya saruji vilivyochongwa kama mataji, vingine vina ngazi ngazi, vingine vina miale ya jua, vingine vina mistari mitatu iliyonyooka ya mtindo uliopendwa duniani kote katika miaka ya 1930. Katikati ya taji kuna jina la aliyejenga au la mkewe, na chini yake mwaka. Rangi zimefifia, na kampuni za simu zimepaka njano na nyekundu zao juu ya nguzo, lakini herufi za saruji bado zinasomeka. Fundi aliyezichonga alijua kazi.

Baba hutazama chini. Tulipofika duka la nne au la tano alisimama, akainama kwa shida, akanionyesha sakafu ya baraza karibu na mlango. Palikuwa na vishimo vinne vidogo kwenye saruji, viwili mbele viwili nyuma, kila kimoja kama kisahani cha kikombe.

"Miguu ya cherehani," akasema. "Siyo yangu. Huyu alikuwa Mluo, alishona suruali tu."

Tangu hapo nikaanza kuviona kila mahali. Vishimo vinne, hatua tatu, vishimo vinne tena. Sehemu nyingine vimezibwa kwa vigae, sehemu nyingine kuna kibanda cha mobile money kimekaa juu yake. Juu ya paa uliandikwa mwaka wa mwenye nyumba, na chini, bila herufi yoyote, iliandikwa miaka ya mtu aliyekaa nje ya mlango wake.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunalo neno zuri sana kwa mahali hapa. Baraza ni pale mbele ya nyumba, chini ya paa lakini nje ya mlango, mtu anapoketi na kupokea wageni bila kuwaingiza ndani. Ndiyo maana mkutano nao ni baraza, na hata mawaziri wakikaa pamoja ni baraza. Waganda na Wasoga wamelichukua wakaliita olubalaza. Duka wakaliita edduuka, na cherehani wakaiita ekyalaani. Huwa nawakumbusha haya wenzangu wanaosema Kiswahili nchini Uganda ni lugha ya wanajeshi na ya wezi. Najua dhana hiyo ilitoka wapi, na najua Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 wakati ambapo watu walikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani. Lakini kilifika Main Street zamani kabla yake, na kilifika kwa biashara. Mgujarati, Msamia, Mluo, Mnubi na Msoga walihitaji lugha moja ya kuulizana bei ya kitambaa, na hiyo ndiyo waliyokuwa nayo. Katiba ilipokifanya kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, wazee wa Walukuba hawakuona jipya.

Baba aliingia Jinja mwaka 1968, mvulana wa miaka kumi na minane kutoka vijiji vya karibu na Busia, akiwa na anwani ya mjomba wake aliyekuwa kiwandani. Jinja ya wakati huo ilikuwa mji wa viwanda: umeme wa bwawa ulikuwa pale pale, na kiwanda cha nguo cha Nyanza kilikuwa kikizalisha zile nguo za NYTIL ambazo kila nyumba ilizijua. Walukuba palijengwa nyumba za wafanyakazi Waafrika, mistari na mistari ya nyumba ndogo zinazofanana, na ndani yake makabila ya Afrika Mashariki nzima. Mjomba alimtafutia nafasi kiwandani, haikupatikana. Akampeleka Main Street kwa fundi aliyehitaji kijana wa kupiga pasi ya makaa na kushona vifungo. Baada ya mwaka mmoja fundi yule alirudi kwao Kenya, na baba akaikalia cherehani.

Duka lenyewe, ambalo bado lipo, tulilifikia saa nne. Nililijua tangu utotoni lakini sikuwahi kulitazama kama jengo. Lina upana wa milango mitatu. Milango ni ya mbao nzito, ya kukunjwa, na kila asubuhi hukunjwa mpaka ukutani hata duka zima likawa wazi kama mdomo. Ndani, meza ndefu ya kuuzia. Nyuma yake rafu mpaka darini. Kule nyuma kuna mlango mdogo unaotokea uani, na uani kuna vyumba vya kulala vilivyozunguka tangi la maji ya mvua, jiko upande mmoja, ghala upande mwingine, na lango la kutokea kichochoroni ambako mikokoteni ilishusha mizigo. Familia ilikula, ililala, ilisali na kuhesabu fedha humo humo. Mbele kabisa, chini ya paa lililotokeza na kushikwa na nguzo nne, baraza.

Tajiri wa baba, mwenye duka, alikuwa Mgujarati, mjukuu wa mtu aliyekuja kwa jahazi kupitia Mombasa. Wengi wa Main Street walikuwa na hadithi ya namna hiyo, na mbele yao alikuwepo Allidina Visram, yule aliyetoka Kutch akiwa kijana mdogo akafika Zanzibar, kisha akafungua maduka moja moja kuelekea bara, mpaka Uganda, hata alipofariki mwaka 1916 jina lake lilikuwa limetapakaa njia nzima. Watu wa Mombasa wanamjua kwa shule. Huku kwetu aliwaonyesha wengine kwamba duka linaweza kuishi mahali popote penye mkulima mwenye fedha mkononi.

Na fedha hiyo ilikuwa ya pamba. Pamba ililetwa Uganda mwaka 1903, Busoga ikaipokea vizuri, na mwaka 1912 ikajengwa reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, kusudi marobota ya kutoka upande wa Ziwa Kyoga yafike Jinja na kuvushwa Ziwa Victoria kwa meli mpaka Kisumu. Reli kuu ikafika Busoga kupitia Tororo mwaka 1928, na mwaka 1931 ikavuka Nile kwenda Kampala. Jinja ilikuwa shingo ya chupa: kila kitu kilipitia hapa. Mkulima akishauza pamba yake alipita dukani kununua jembe, chumvi, mafuta ya taa, na kitambaa cha mkewe. Ukisimama leo mbele ya zile nyuso za saruji, kumbuka kwamba zilijengwa kwa pamba iliyochumwa kwa vidole vya watu ambao wao wenyewe hawakuruhusiwa kwa urahisi kumiliki mashine ya kuichambua. Mwaka 1949 wakulima wa Buganda walifanya ghasia, na haki ya kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe ilikuwa mojawapo ya madai. Babu yangu mzaa baba alilima pamba maisha yake yote na kila msimu aliambiwa bei, hakuwahi kuulizwa. Siwezi kuyasifu majengo haya nikaficha hilo.

Mapatano ya baba na tajiri yalikuwa hivi. Mteja anaingia ndani, anachagua kitambaa, kinakatwa kwa yadi juu ya meza: popilini ya shati, drili ya kaptula ya shule, kaki ya askari wa zamu, tetroni ilipoingia sokoni. Analipa. Kisha anatoka nacho barazani, baba anampima, anamwambia aje kesho kutwa. Fedha ya kushona ni ya baba. Cherehani, Singer ya miguu, ni ya tajiri. Kodi ya baraza hakuna, ila nguo zote za familia ya tajiri, mapazia, sare za watoto wake watano, foronya, baba anashona bure.

"Ndani niliingia mara ngapi?" nikamuuliza.

Alifikiri. "Mpaka mezani, kila siku. Ng'ambo ya meza, sikumbuki."

Alisema bila uchungu, kama anayetaja kipimo. Akaongeza kwamba mke wa tajiri alimpelekea chai ya maziwa na tangawizi kila saa kumi kwa miaka minne, katika kikombe cha bati kilichotengwa kwa ajili yake na kutundikwa msumarini barazani. Kikombe chake peke yake. Nimekifikiria sana kikombe hicho. Kina wema na kina ukuta, vyote viwili, na baba anavikumbuka vyote viwili bila kukitumia kimoja kufuta kingine. Kwake yeye ilikuwa chai tamu.

Barazani hapo ndipo alipojifunza kushona gomesi. Vazi hili la heshima la akina mama wa Buganda na Busoga, lenye mabega yaliyochongoka na mkanda mpana kiunoni, limebeba jina la fundi Mgoa, Gomes, aliyekuwa na kazi yake Kampala mwanzoni mwa karne ya 20. Gomesi moja hula kama mita sita za kitambaa, na ndani yake mwanamke hujifunga kikooyi, ambacho ni kikoi chetu cha pwani kilichopanda bara, ili nyonga zijae. Kitambaa cha ng'ambo, mshono wa Mgoa, kikoi cha Mswahili, mvaaji Msoga, mshonaji Msamia. Hapakuwa na mahali pengine mjini ambapo vitu hivyo vyote vingekutana ila hapo, hatua mbili kutoka mlangoni.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, na akawapa siku tisini. Baba anasema jambo la kwanza alilogundua ni ukimya wa asubuhi, kwa kuwa milango haikukunjwa. Mizigo ilitolewa kwa lango la nyuma, usiku. Tajiri alimlipa mapazia ambayo hakuwahi kumlipa, akamwambia, "Fundi, angalia duka," kisha akakaa kimya, maana wote wawili walijua hakuna atakayemruhusu fundi kuangalia chochote. Kikombe cha bati kilibaki msumarini.

Walipokuja waliogawiwa maduka na serikali ya Amin, waliandika kila kilichomo, na cherehani ikaandikwa. Baba akaikodi kutoka kwa mwenye duka mpya, mtu wa jeshini, cherehani ile ile aliyoitumia bure miaka mitatu. Mji mzima ulikuwa unasimuliana jinsi mabosi wapya walivyouza mashati kwa kusoma namba ya kola wakidhani ni bei. Sijui kama kila anayesimulia alishuhudia; baba alishuhudia rafu. Rafu za popilini ziliisha kwa miezi michache na hazikujazwa. Ukaja wakati wa magendo, sukari na sabuni zikawa vitu vya kunong'onezana, na wale walioneemeka wakaitwa mafuta mingi. Jina hilo ni Kiswahili, cha mtaani lakini Kiswahili, na kila Mganda wa rika la baba analijua. Kiwanda cha nguo kikadhoofika. Baba aliacha kushona nguo mpya akaanza kugeuza za zamani: kola iliyochakaa unaifumua, unaigeuza, upande wa ndani unakuwa wa nje. Anasema miaka ile alijua mashati ya Jinja kuliko alivyojua watu wake.

Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wakombozi wa Uganda yalipofika, mwenye duka mpya alikwisha kutoroka. Likakaa limefungwa, likafunguliwa na mwingine, likafungwa tena. Katikati ya miaka ya 1980 mmoja wao alihitaji fedha za haraka na baba akainunua cherehani. Hiyo ndiyo iliyotusomesha mimi na ndugu zangu wanne, na hiyo ndiyo iliyopo sebuleni kwetu Walukuba mpaka leo, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Sheria ya kurudisha mali za Waasia ilitungwa mwaka 1982, lakini ni katika miaka ya 1990, serikali ya Museveni ilipohimiza jambo hilo, ndipo Main Street ilipoanza kuwaona wenyewe wakirudi. Kwetu alikuja mtoto wa kiume wa tajiri, mtu mzima sasa, mwenye lafudhi ya Uingereza. Nilikuwepo; nilikuwa natoka shule ya msingi nikipitia kazini kwa baba. Alisimama barazani muda mrefu. Akaitazama ile Singer, akaweka mkono juu ya gurudumu lake, akalizungusha polepole. Nadhani alikumbuka kitu. Kisha akaongea na baba kwa Kiswahili kilichokatika katika, Kiswahili cha mtoto wa miaka kumi, kwa kuwa hapo ndipo kilipoishia. Wiki iliyofuata alituma mtu kudai kodi ya baraza. Ilikuwa mara ya kwanza baba kuilipia.

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Nyumba ilikuwa yake. Lakini ndani ya duka lile walipita wenye duka wanne au watano, kila mmoja na karatasi yake, na nje alikaa mtu mmoja tangu 1968 hadi macho yalipomshinda mwaka 2004, na hana karatasi yoyote. Mwanahistoria atakayekwenda kwenye majalada ya ardhi atawakuta wale wote. Baba atamkuta wapi?

Mvua ilitukuta saa saba. Novemba mjini Jinja haikupi taarifa ndefu: upepo unatoka ziwani, vumbi linazunguka mara moja, na maji hayo. Kwa dakika moja watu wote wa mtaani walikuwa barazani. Mwanamke na beseni la maparachichi, wanafunzi, mzungu na baiskeli yake, vijana wa boda boda na pikipiki zao nusu ndani nusu nje, mkaanga rolex, ile chapati yetu ya mayai, aliyesukuma jiko lake la makaa chini ya paa na kuendelea kuvunja mayai kama kwamba hakuna kilichotokea. Mzee Msoga aliyemfahamu baba akapaza sauti, "Kodheyo!" wakashikana mikono na hawakuachana mpaka mvua ilipopungua. Fundi wa sasa wa baraza lile, mwanamke kijana, alimpisha baba kiti chake bila kuulizwa. Alikuwa anashona gomesi. Baba akaupapasa mshono wa bega kwa kidole gumba.

"Umefundishwa na nani, nyabo?"

Akamtaja fundi fulani. Fundi huyo alifundishwa na baba.

Hakuna aliyenunua kitu wakati wa mvua ile, na hakuna aliyefukuzwa. Nimekaa katika miji mingine, nimesimama chini ya kingo za majengo ya vioo huku mlinzi akiniambia nisogee, kwa hiyo naelewa thamani ya saa moja kama ile.

Mvua ilipokatika tuliendelea, na hatua chache mbele baraza likakatika. Pale palikuwa na duka la milango minne nililolikumbuka vizuri, lenye taji lenye miale ya jua. Limebomolewa. Pamesimama jengo jipya la ghorofa, na ukuta wake wa vioo umesogezwa mbele mpaka ukingoni mwa barabara. Ndani wamegawa vyumba vidogo vidogo kama akedi za Kampala, yale majengo ya vijiduka. Tukalazimika kushuka kwenye tope, baba akinishika bega, bodaboda zikitupita kwa upana wa mkono, kisha tukapanda tena barazani kwenye duka lililofuata. Goti lilimuuma pale. Si hapo tu. Tulishuka mara kadhaa kabla ya mwisho wa mtaa.

Nataka kuwa mwadilifu kwa mwenye jengo jipya. Niliingia, nikaongea na dada anayeuza viatu vya watoto. Aliniambia hapo kuna choo, kuna umeme wake wa akiba, na usiku analala usingizi kwa kuwa mlango ni wa chuma. Duka la zamani alilokuwamo lilivuja na panya walikula bidhaa. Yote ni kweli. Mapaa ya 1930 yanavuja. Kukarabati dari la mbao ni ghali, na ardhi ya Main Street tangu Jinja ipandishwe kuwa jiji Julai 2020 si ya mchezo. Wanaotetea majengo ya kale, kama Cross-Cultural Foundation of Uganda waliochora ramani za majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja, wamefanya kazi kubwa na ninawashukuru. Ramani yao nilikuwa nayo mkobani siku ile. Lakini nikisikiliza mazungumzo ya uhifadhi, karibu kila mara ni juu ya taji, jina, mwaka na mtindo. Taji ni zuri. Hata hivyo ningeambiwa nichague, ningemwambia mjenzi: jenga ghorofa zako, weka vioo vyako, tia choo na umeme, lakini rudi nyuma futi nane na uache paa juu ya watu. Hilo ndilo sharti moja ambalo ningependa madiwani wa Jinja walitie katika vibali vyao. Gharama yake ni chumba kimoja chembamba cha kupangisha. Faida yake ni fundi, mkaanga rolex, mwenye beseni, na mzee mwenye goti anayetaka kufika mwisho wa mtaa bila kukanyaga tope.

Nilisema futi nane kwa kubahatisha, nikamwambia baba hivyo tulipoketi kupumzika kwenye ngazi ya ghala karibu na Lubas Road. Akanitazama kwa namna anayomtazama mteja aliyejipima mwenyewe nyumbani. Akatia mkono mfuko wa koti, akatoa tepu yake ya kupimia, ile ya njano iliyofutika namba za mwanzo, ambayo haachi kuibeba ingawa hajashona nguo ya mteja kwa miaka ishirini.

"Umeandika bila kupima?"

Tukarudi mwanzo wa mtaa. Ilikuwa saa tisa na nusu na jua lilikuwa limeanza kuingia chini ya mapaa kwa upande. Kwenye duka la kwanza alinipa ncha ya tepu niibane ukutani, yeye akarudi nyuma polepole akiifungua, mpaka mgongo wake ukagusa nguzo. Tepu ya fundi ni futi tano; ilibidi niweke alama kwa chaki ya duka na kuanza upya. Futi saba na inchi nne. La pili, futi nane kasoro. La tatu lilikuwa pana kuliko yote, futi tisa na nusu, na mwenye duka alitoka kuuliza kama tumetumwa na jiji. Baba akamjibu kwa Kisoga kwamba tumetumwa na cherehani, wakacheka, akatuletea kigoda. Nikaandika namba ya duka, upana, idadi ya nguzo, na vishimo vya miguu ya mashine pale vilipoonekana. Kufikia magharibi tulikuwa na mabaraza kumi na tisa upande mmoja tu wa barabara.

"Shika hapo, mama," baba akasema kwenye la ishirini. "Vuta. Isilegee."

Nikaivuta.